Maswali ya Wasomaji: Kodi ya Kasino Ilitoka Mfukoni mwa Nani?

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, kesi ya hoteli moja ya Manila nchini Ufilipino iliyodai kurudishiwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile ambayo wengi wetu tunaiita VAT, kwa sababu mpangaji wake mkubwa alikuwa mwendesha kasino asiyetozwa kodi hiyo. Nilidhani aya ile ingepita kimyakimya. Kumbe imeniletea barua nyingi kuliko nilizopata nilipoandika juu ya makato ya mishahara, na baadhi ya waandishi wake wamenikasirikia kidogo. Nimechagua nne, nikazifupisha na kuyaondoa majina.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa tatu. Ikiwa aliyesamehewa kodi ni mwendesha kasino, kwa nini aliyerudishiwa fedha ni hoteli, ambayo haikuwa na msamaha wowote? Na kama suala lenyewe ni msamaha, mahakama ilitoa wapi habari ya kiwango sifuri? Wenzangu darasani wanasema kusamehewa na kutozwa sifuri ni kitu kilekile.
— Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Wenzako wamekosea, na katika kesi hii kosa lao lina thamani ya peso milioni 30, kwa hiyo tulitazame bila haraka.

Tuanze na mpangaji. Shirika la Michezo ya Kubahatisha na Burudani la Ufilipino, linalojulikana kwa kifupi kama PAGCOR, ni mali ya serikali. Lilianzishwa mwaka 1977 wakati wa utawala wa Ferdinand Marcos, na sheria iliyokusanya mamlaka yake yote ni Amri ya Rais namba 1869 ya mwaka 1983. Shirika hilo linaendesha kasino zake na papo hapo linatoa leseni kwa kasino za wengine, yaani ni mchezaji na ni refa, lakini hilo tuliache. Kinachotuhusu ni kifungu cha 13 cha amri hiyo, kinachosema kwamba PAGCOR italipa asilimia 5 ya mapato yake ghafi ya michezo, na kwamba malipo hayo yatasimama badala ya kodi nyingine zote, ziwe za taifa, za mkoa au za manispaa. Kifungu hakikuishia hapo. Kinaendelea kusema kwamba nafuu hiyo itawafikia pia kampuni na watu walio na mkataba na PAGCOR kuhusiana na uendeshaji wa kasino. Sentensi hiyo ya nyongeza ndiyo iliyoamua kesi.

Sasa mwenye nyumba. Kampuni ya Acesite ilimiliki hoteli ya Holiday Inn Manila Pavilion, kwenye barabara ya United Nations, na iliipangisha PAGCOR eneo la mita za mraba 6,768.53 ndani ya hoteli, ambalo ni karibu sawa na uwanja mzima wa mpira wa miguu. Pamoja na pango hilo, migahawa ya hoteli iliwahudumia chakula na vinywaji wateja wa kasino, na bili ikapelekwa kwa PAGCOR. Kuanzia Januari 1996 hadi Aprili 1997 hoteli iliweka katika bili zake mstari wa VAT wa asilimia 10, ambacho ndicho kilichokuwa kiwango cha wakati huo. VAT ya pango ilifika peso 8,739,865.24, na ya chakula na huduma ikafika peso 21,413,026.78. Ukijumlisha unapata peso 30,152,892.02. Naomba uangalie tarakimu hizo mara ya pili: watu wengi wanaoisimulia kesi hii huizungumza kana kwamba ilikuwa kesi ya pango, ilhali zaidi ya theluthi mbili ya kodi iliyogombewa ilitoka jikoni.

Hebu tuitazame bili moja ya kubuni. Pango ni peso 500,000. Chini yake kuna mstari wa VAT, peso 50,000. Jumla ni 550,000. PAGCOR inalipa 500,000 kamili na kuurudisha ule mstari wa pili, ikisema kwamba sheria yake haiiruhusu kutozwa kodi hiyo. Hoteli, kwa kuogopa adhabu ya kutowasilisha kodi iliyokwisha kuiandika kwenye ankara zake, inachukua 50,000 kutoka kwenye akaunti yake na kuipeleka kwa Kamishna wa Mapato ya Ndani. Ndivyo ilivyokwenda mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo unapouliza kwa nini hoteli ndiyo iliyorudishiwa, jibu la kwanza ni jepesi: hoteli ndiyo iliyolipa. Kasino haikutoa hata senti moja ya kodi hiyo, na asiyetoa hana cha kurudishiwa.

Jibu la pili ndilo lililohitaji majaji. Kamishna alishikilia kwamba VAT ni kodi ya muuzaji. Sheria inamtaka muuzaji aiwasilishe, na kumtwisha mnunuzi mzigo wake ni hiari ya kibiashara, si amri ya sheria; kwa hiyo msamaha wa mnunuzi haumhusu muuzaji hata kidogo. Hoja hiyo ina uzito, na katika mazingira mengine imeshinda. Lakini Mahakama ya Juu ya Ufilipino, katika hukumu ya tarehe 16 Februari 2007, iliirudia ile sentensi ya nyongeza ya kifungu cha 13 na kuuliza: kama mtunga sheria alikusudia kuiepusha PAGCOR na kodi zinazotozwa moja kwa moja tu, kulikuwa na haja gani ya kuwataja wanaofanya nayo mikataba? Kuwataja kwao kunaonyesha kwamba msamaha ulikusudiwa kufunika pia kodi zinazopita mikononi mwa wengine, maana muuzaji akitozwa ataiingiza kodi hiyo katika bei, na PAGCOR itajikuta imelipa zaidi ya ile asilimia 5 iliyoambiwa kwamba inatosha. Majaji hawakulibuni wazo hilo siku hiyo. Mwaka 1987 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kwamba mkandarasi aliyelijengea Shirika la Afya Duniani ofisi mjini Manila hakupaswa kutozwa kodi ya ukandarasi ya asilimia 3, kwa sababu mzigo wake ungeliangukia shirika ambalo mkataba wa kimataifa ulikuwa umeliepusha na kodi.

Sasa tuje kwenye sifuri. Huduma iliyosamehewa VAT imetolewa nje ya mnyororo wa kodi hiyo. Muuzaji hatozi kitu, lakini pia hawezi kudai VAT aliyotozwa yeye aliponunua nyama, gesi, sabuni na umeme. Kodi hiyo ya manunuzi inafia mikononi mwake. Huduma ya kiwango sifuri imo ndani ya mnyororo: inatozwa kodi, ila kiwango chake ni sifuri, na muuzaji anabaki na haki ya kudai kodi ya manunuzi. Huhitaji kwenda Manila kuiona tofauti hiyo. Sheria yetu ya Tanzania inautoza usafirishaji wa bidhaa nje ya nchi kwa kiwango sifuri, kwa hiyo msafirishaji hudai marejesho. Elimu imesamehewa, kwa hiyo shule haiwezi kudai VAT ya saruji iliyojengea madarasa, na kodi hiyo, upende usipende, inarudi kwenye ada.

Ukilielewa hilo utaona kwa nini sheria ya kodi ya Ufilipino inasema kwamba huduma anazouziwa mtu aliyeepushwa na kodi kwa sheria maalumu zitozwe kwa kiwango sifuri, badala ya kusema tu kwamba zimesamehewa. Kama mauzo ya hoteli kwa PAGCOR yangesamehewa tu, kodi ya nyama na gesi ingebaki kwa hoteli, hoteli ingepandisha bei ya sahani, na PAGCOR ingeilipa kodi ileile kwa mlango wa nyuma. Msamaha wa mnunuzi, ili uwe na maana, hugeuka kuwa sifuri mkononi mwa muuzaji.

Neno moja la tahadhari kabla ya mtihani wako. Fedha ambazo Acesite ilirudishiwa hazikuwa kodi ya manunuzi. Zilikuwa kodi ya mauzo, yaani ile VAT ya kwenye bili za hoteli, ambayo haikustahili kulipwa tangu mwanzo, na mahakama iliagiza zirudishwe kwa kanuni iliyomo katika sheria ya madai ya nchi hiyo, kwamba anayepokea kitu asichostahili, kilichotolewa kwa makosa, analazimika kukirudisha, hata kama mpokeaji ni serikali. Ukichanganya marejesho ya aina hizo mbili utapoteza alama darasani. Kazini utapoteza zaidi, kama utakavyoona katika barua ya mwisho.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nimesoma aya yako nikashindwa kuelewa unavyoweza kuisimulia habari hiyo kwa utulivu namna ile. Mama ntilie ananunua mafuta ya kupikia kwa bei yenye kodi. Nyumba ya kamari inaambiwa usilipe. Hii ni haki gani?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, hasira yako ina msingi, lakini imechukua hatua moja mbele ya ukweli. PAGCOR haikuambiwa isilipe. Iliambiwa ilipe kwa njia nyingine. Mbali na ile asilimia 5 ya mapato ghafi, sheria yake inaitaka ikabidhi serikalini asilimia 50 ya mapato ghafi yanayobaki baada ya kuitoa asilimia 5 hiyo. Kamari kwa kweli haikai vizuri ndani ya VAT, kwa kuwa VAT hutozwa juu ya thamani iliyoongezwa katika kila mauzo, na mtu akiweka peso 100 mezani, akashinda 300, kisha akapoteza 250, ni vigumu kusema ameuziwa nini na kwa bei gani. Ndiyo maana nchi nyingi huitoza kasino juu ya kile kinachobaki baada ya washindi kulipwa, na kuiacha VAT kando.

Mimi binafsi naona tatizo liko kwingine. Msamaha ulioandikwa kwa maneno mapana ndani ya sheria ya shirika moja huzaa ugomvi usiokwisha, kwa sababu kila sheria mpya ya kodi inapopitishwa lazima mtu aulize tena kama imeugusa au la. Ufilipino wamelionja hilo. Mwaka 2005 bunge lao lilipitisha Sheria namba 9337, ambayo iliiondoa PAGCOR katika orodha ya mashirika ya umma yasiyolipa kodi ya mapato ya kampuni. Mamlaka ya mapato ikatoa kanuni za utekelezaji na kuitaja PAGCOR miongoni mwa wanaotakiwa kulipa VAT ya asilimia 10. PAGCOR ikaenda mahakamani. Tarehe 15 Machi 2011 Mahakama ya Juu iliigawa kesi vipande viwili: kuhusu kodi ya mapato, PAGCOR ilishindwa, kwa kuwa bunge lililotoa nafuu lina uwezo wa kuiondoa; kuhusu VAT, ilishinda, kwa kuwa hakuna mahali popote katika sheria hiyo bunge lilipoitaja PAGCOR kuwa mlipaji wa VAT, na kanuni za ofisini haziwezi kutoza kodi ambayo sheria yenyewe haikuitoza.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Mamlaka ya mapato iliisoma sehemu ya kwanza ya hukumu hiyo kwa upana, na mwaka 2013 ikatoa waraka uliosema kwamba PAGCOR na wenye leseni zake wote walipe kodi ya mapato ya kampuni juu ya mapato ya michezo, pamoja na ile asilimia 5. Desemba 2014 mahakama ikafafanua kwamba mapato ya michezo yanabeba asilimia 5 peke yake, ilhali mapato ya huduma nyingine zinazoambatana na michezo yanalipa kodi ya mapato kama ya kampuni yoyote. Kisha Agosti 2016, katika kesi ya kampuni ya Bloomberry, inayomiliki kasino ya Solaire huko Manila, ikaamua kwamba nafuu hiyo inawafikia pia wenye leseni, na sababu iliyotolewa ni ileile ya mwaka 2007, yaani maneno ya kifungu cha 13 yanayowataja walio na mkataba. Sentensi moja ya mwaka 1983 imewatafutia kazi mawakili wengi.

Kuhusu mama ntilie, sina jibu la kukuridhisha, ila niseme kwamba mafuta yake yanatozwa kodi kwa sababu yeye ni mnunuzi wa kawaida, na kufutwa kwa msamaha wa kasino kusingeyapunguza bei. Hiyo ni hoja ya kumpelekea mbunge wako, na ningekuunga mkono.

SWALI: Je, kama PAGCOR ingekubali kuulipa ule mstari wa VAT, kisha ikagundua baadaye kwamba haikustahili, ingeweza kwenda yenyewe kuidai serikali?
— Msomaji wa siku nyingi, Mombasa

JIBU: Kwa kawaida, hapana, na wengi hukwama hapo. Mahakama za Ufilipino zimeshikilia kwamba mwenye haki ya kudai marejesho ya kodi inayopita mkono kwa mkono ni yule ambaye sheria ilimtaka aiwasilishe, yaani muuzaji, hata kama mzigo ulimwangukia mwingine. Mnunuzi aliyetozwa kimakosa ana ugomvi na muuzaji wake. Juni 2016 kampuni moja ya madini ya nikeli, Coral Bay, ambayo kiwanda chake kimo ndani ya eneo maalumu la kiuchumi katika kisiwa cha Palawan, ilijifunza hilo kwa gharama: ilikuwa imelipa VAT kwa wauzaji wake ilhali mauzo ya kwenda eneo hilo yalistahili kiwango sifuri, ikaidai serikali, na mahakama ikaiambia kwamba milango ya kubisha ni ya wauzaji hao.

Utaratibu huo unaonekana mkali, lakini una mantiki yake. Serikali inamjua muuzaji. Ina ritani zake na kumbukumbu za malipo yake. Ingeruhusiwa kila mnunuzi aje kudai, kodi ya ankara moja ingeweza kurudishwa mara mbili, mara kwa muuzaji na mara kwa mnunuzi. Wapo wachache ambao mahakama imewafungulia mlango, hasa pale sheria iliyompa mnunuzi msamaha inapotamka waziwazi kwamba unafunika hata kodi anazotwishwa na wengine, lakini ukiwa mnunuzi usianze safari kwa kutegemea mlango huo. PAGCOR, kwa kuukataa mstari ule tangu siku ya kwanza, ilijiepusha na safari yote, na tabu ikamwangukia mwenye hoteli.

SWALI: Mimi ni mhasibu wa hoteli ndogo. Mwaka jana tulikodisha ukumbi na kuandaa chakula kwa taasisi moja iliyotuambia kwamba imesamehewa kodi. Tuliwapa risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki, zenye VAT ya asilimia 18. Walipolipa walikata sehemu ya kodi, wakatuachia nakala ya barua ya ukurasa mmoja. Mkurugenzi wetu aliogopa faini, tukaiwasilisha kodi kutoka kwenye fedha zetu. Sasa amesoma safu yako na ananiambia, "Nenda kadai kama wale wa Manila." Nianzie wapi?
— Mhasibu, Arusha

JIBU: Ndugu mhasibu, mwambie mkurugenzi kwa heshima kwamba hukumu ya Manila haimfungi Kamishna wa Tanzania, na ukiipeleka pale mezani kama silaha utapoteza dakika zako za mwanzo, ambazo ndizo za thamani. Kinachoweza kukusaidia ni kuyajua mambo yaliyoishindisha Acesite na yaliyowaangusha wengine, kisha kuangalia ni yapi mliyo nayo.

Anza na ile barua ya ukurasa mmoja. Isome kwa kalamu mkononi. Inasema nani amesamehewa, amesamehewa kodi gani, na kwa manunuzi gani? Taasisi nyingi zina msamaha wa kodi ya mapato na watumishi wake wanaamini kwa moyo safi kwamba huo ni msamaha wa kila kitu. Umeona hapo juu jinsi PAGCOR yenyewe ilivyopoteza kodi moja na kubaki na nyingine katika hukumu moja ya siku moja. Na usisahau kwamba ushindi wa Acesite haukutokana na neno "msamaha" peke yake. Ulitokana na sentensi iliyowataja walio na mkataba, pamoja na kifungu cha sheria ya kodi kinachoyafanya mauzo ya namna hiyo kuwa ya kiwango sifuri. Ukikuta barua yenu inataja sheria na kifungu, kitafute kifungu hicho chenyewe, usitosheke na muhtasari wa mwandishi wa barua.

Kisha risiti. Hapa nina wasiwasi nanyi. Risiti ya EFD yenye asilimia 18 ni ushahidi mlioutoa ninyi wenyewe kwamba mliuza kwa asilimia 18. Huko Ufilipino suala la maandishi ya ankara limewaangusha watu waliokuwa na haki zote nyingine: Februari 2010 kampuni ya Panasonic Communications, iliyokuwa ikiuza bidhaa zake nje, ilinyimwa marejesho kwa sababu ankara zake hazikuchapishwa neno la kuonyesha kwamba mauzo ni ya kiwango sifuri. Neno moja tu! Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakujua mashine za EFD, lakini wangezielewa mara moja. Muulize mshauri wenu wa kodi kama risiti zile zinaweza kurekebishwa kwa hati ya marekebisho kabla hamjaandika dai lolote.

Jambo la tatu ni kuthibitisha kwamba mzigo uliwaangukia ninyi. Acesite iliweza kuonyesha kwamba PAGCOR ililipa bili ikiwa imepunguza kiasi kilekile cha VAT. Bila hilo, mtu anaweza kusema mteja alikwisha kuwalipa kodi na sasa mnataka kuipokea mara ya pili. Weka pamoja, kwa kila shughuli, mkataba, risiti ya EFD, hati ya benki inayoonyesha kiasi kilichoingia, na ushahidi wa kuwasilisha kodi ya mwezi huo. Ikiwa taasisi ilipunguza kiasi kinachotofautiana na VAT, hata kwa shilingi chache, andika maelezo yake sasa, kabla hujaulizwa.

Jambo la nne, ambalo ningeliweka la kwanza kama nisingeogopa kukutia hofu, ni siku. Acesite ilipeleka dai lake kwa Kamishna tarehe 21 Mei 1998, na tarehe 29 Mei, siku nane tu baadaye, ikafungua kesi katika Mahakama ya Rufani za Kodi bila kusubiri jibu, kwa sababu sheria ilitoa miaka miwili tu tangu siku ya kulipa na saa ilikuwa ikienda. Pamoja na haraka hiyo, kodi ya Januari, Februari na Machi 1996, kiasi cha peso 98,743, ilikuwa imekwisha kupitwa na muda na ikakatwa kwenye dai. Hapo ndipo peso 30,152,892.02 zilipogeuka kuwa 30,054,148.64. Mahakama ya Rufani za Kodi iliagiza kiasi hicho kirudishwe, Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Novemba 2000, na Mahakama ya Juu ikauhitimisha Februari 2007, karibu miaka tisa tangu barua ya kwanza.

Lakini usidhani kwamba kukimbilia mahakamani ni salama siku zote. Kampuni ya umeme ya San Roque, nchini humohumo, ilipeleka dai la kodi ya manunuzi kwa Kamishna Machi 2003 na kufungua kesi siku 13 baadaye. Dai lake lilikuwa la zaidi ya peso milioni 483. Februari 2013 Mahakama ya Juu ililitupilia mbali, kwa kuwa sheria ya marejesho ya kodi ya manunuzi ilimpa Kamishna siku 120 za kulichunguza dai, na kampuni haikuzisubiri. Acesite ilipona kwa siku nane, San Roque ikaangamia kwa siku 13, na tofauti yao ni ile niliyomweleza mwanafunzi: mmoja alidai kodi iliyolipwa kimakosa, mwingine alidai kodi ya manunuzi, na kila dai lina kifungu chake na kalenda yake.

Kwetu Tanzania ngazi ziko hivi: dai au pingamizi huanzia kwa Kamishna Mkuu, na sheria ya usimamizi wa kodi inatoa siku 30 za kupinga uamuzi wa kodi tangu unapokabidhiwa; usiporidhika unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani kwa masuala ya kisheria tu. Zipange karatasi zenu kwa tarehe ya kuwasilisha kodi, si kwa tarehe ya shughuli, na uanze na mwezi wa zamani kuliko yote, maana huo ndio utakaoondoka kwanza.

Na kama ile barua ya ukurasa mmoja itakuwa inataja kodi ya mapato peke yake, usiandike dai lolote kwa Kamishna. Mtakuwa mmewasilisha kodi iliyostahili, na anayedaiwa nanyi ni taasisi hiyo, kwa kiasi kilekile ilichokata kwenye kila risiti. Waandikie wao.